Ufalme wa Baiskeli wa Uchina: Nani Aliujenga, Nani Aliubomoa



Kuna maneno nimeyasikia mara nyingi mno, kwenye semina, kwenye harusi za watu wetu hapa Uingereza, hata kwa dereva wa teksi: ati Wachina ni watu wa baiskeli tangu asili, halafu walipopata pesa wakaziacha wakapanda magari. Wanaoyasema hawana nia mbaya. Lakini maneno hayo yana kasoro kichwani na mkiani, na kasoro yenyewe haiishii darasani. Anayeyaamini mwisho wake huja kusema kwamba baiskeli ni ngazi ya umaskini, mji ukiendelea sharti iondoke, basi ya nini kumwachia mwendesha baiskeli nafasi barabarani? Nimewasikia wataalamu wa mipango miji, watu wenye shahada zao, wakiitaja Beijing kama ushahidi wa hilo. Ndiyo maana nimeona niandike kwa kirefu kidogo. Mada hii nimeifundisha miaka mingi, na Beijing yenyewe nimekaa, mwaka 1994 hadi 1995, nikisoma lugha kabla ya kuja huku kwa udaktari.

Tuanze na hilo la "tangu asili". Wachina wa mwanzo kuiona baiskeli waliiona ugenini. Bin Chun, afisa wa dola ya Qing aliyetumwa Ulaya 1866, aliyaona mabaiskeli ya mwanzo huko Paris na kuyaandika katika habari za safari yake kama kioja. Miaka miwili baadaye, 1868, yakaonekana Shanghai, chini ya Wazungu. Na kwa miaka thelathini hivi yakabakia hapo hapo: mchezo wa wageni. Mchina mwenye heshima zake alikuwa habebi mwili wake mwenyewe, alibebwa. Kulikuwa na machela, na kuanzia miaka ya 1870 vikaja kutoka Japani vigari vya kukokotwa na mtu mbio. Sasa bwana mkubwa ahangaike kupiga pedeli na kutoka jasho mbele za watu kwa sababu gani? Wamarekani wawili vijana, Thomas Allen na William Sachtleben, walipoivuka Asia kwa baiskeli na kufika Beijing 1892, kila kijiji cha Kichina walichopita kilitoka kuwatazama. Mkubwa wa jimbo la Zhili, Li Hongzhang, aliwaita Tianjin awaone.

Halafu kuna kisa cha Puyi, mfalme wa mwisho, ambaye alikuwa ameshavuliwa madaraka lakini bado anakaa ndani ya kasri. Alipoipenda baiskeli akaamuru vizingiti vya milango ya kasri vikatwe kwa msumeno apite bila kushuka. Vizingiti vile vilikuwa hapo karne kwa karne, hakuna babu yake aliyeviona kero. Kisa hiki amekieleza mwenyewe. Mimi hukipenda kwa sababu kinaonyesha baiskeli ilikuwa ya nani zama zile: ya mfalme asiye na kazi, ya wanafunzi waliosoma kwa wamisionari, ya tarishi wa posta, na ya wafanyabiashara wa Shanghai. Mtu wa kawaida alikuwa anatembea kwa miguu.

Mwaka 1949, wakomunisti waliposhika nchi, Uchina nzima iliunda baiskeli kama 14,000 tu. Mwaka 1958 hesabu ilikuwa imeshapita milioni moja. Katikati ya namba hizo mbili hakuna asili wala mila, kuna mpango wa serikali. Na mpango ulikuwa na akili yake. Nchi haikuwa na mafuta ya kutosha (kisima kikubwa cha Daqing kiligunduliwa 1959), chuma kilikuwa kinatakiwa kwenye viwanda, mabasi machache. Mfanyakazi lazima afike kazini saa moja asubuhi. Mpe baiskeli, au kwa usahihi zaidi muuzie, naye atajiendesha kwa nguvu ya uji aliokunywa. Serikali hainunui mafuta, hailipi dereva.

Viwanda vyenyewe vilikuwa na historia ya kuchekesha kidogo. Kile cha Tianjin na kile kikubwa cha Shanghai vilianzishwa na Wajapani, miaka ya 1930 na ya vita. Wakomunisti wakavirithi, wakabadilisha majina. Tianjin ikatoa "Njiwa Arukaye" mwaka 1950, Shanghai ikawa na "Daima", na baadaye 1958 viduka na vikarakana vingi vya Shanghai vikaunganishwa ikazaliwa Phoenix. Na umbo la baiskeli zote hizo lilikuwa la nani? La Mwingereza! Njiwa ile maarufu ilifuata umbo la Raleigh ya miaka ya 1930: nyeusi, tairi za inchi 28, breki za vyuma badala ya waya, mnyororo umefunikwa wote, gia moja, keria ya chuma nyuma, uzito kilo ishirini au karibu yake. Mzee wa Tanga au wa Kisumu akiwekewa picha atasema hii ninaijua. Ndiyo, anaijua, maana Mwingereza huyo huyo alituletea na sisi.

Tena sisi wengine tuliipata ya Kichina yenyewe. Reli ya TAZARA ilijengwa 1970 hadi 1975 kwa mkopo usio na riba, na sehemu kubwa ya gharama za ndani ya nchi zililipwa kwa kuuza bidhaa za Kichina katika maduka ya Tanzania na Zambia. Kwa hiyo watu wa rika langu tulikua na vitu vya Kichina majumbani. Phoenix ya mjomba wangu ilikuwa na yule ndege wa rangi mbele, na sisi watoto tulidhani ni jogoo.

Narudi Beijing. Kiwanda peke yake hakijengi ufalme. Kilichoufanya mji mzima uwe wa baiskeli ni kitu kinachoitwa danwei, na hapa naomba tukae kidogo maana ndipo penye kiini cha habari. Danwei ni mahali pa kazi, lakini si kazi tu. Kiwanda, wizara, chuo, hospitali, kila kimoja kilikuwa na eneo lake lenye ukuta, na ndani ya ukuta au jirani yake kulikuwa na nyumba za wafanyakazi, kantini, zahanati, shule ya vidudu, bafu, na duka. Danwei ndiyo iliyokupa chumba, ndiyo iliyokupa ruhusa ya kuoa. Basi maisha yako yote yalikuwa ndani ya kilomita tatu nne. Wengine walikwenda kazini kwa miguu, na aliyekuwa na mke wa danwei nyingine upande wa pili wa mji ndiye aliyepiga pedeli nusu saa. Baiskeli iliuweza mji ule kwa sababu mji ulikuwa umekatwa kwa kipimo chake.

Na barabara pia. Barabara kuu za enzi hizo zilikatwa mapande matatu: kati ya magari, na kila upande njia ya baiskeli pana, pana kweli, imetengwa kwa miti na majani. Upana wa njia ile ya baiskeli kwetu ungetosha kuwa barabara kuu ya wilaya.

Sasa, baiskeli yenyewe ilipatikanaje? Hapa ndipo wale wa "ngazi ya umaskini" wanapoumbuka. Miaka ya 1960 na 1970 baiskeli ilikuwa yuan 150 au zaidi, na mshahara wa kijana kiwandani ulikuwa kama yuan 30 au 40 kwa mwezi. Na hata ukiwa nazo fedha hupati, mpaka uwe na kuponi. Kuponi zilipitia danwei, kidogo kidogo, watu wakipiga kura nani apate safari hii. Kijana anayetaka kuoa alitakiwa awe na "vitatu vinavyozunguka na kimoja kinacholia": baiskeli, cherehani, saa ya mkono, na redio. Mkwe alikuwa anaulizia Njiwa au Phoenix kama siku hizi anavyoulizia nyumba. Ilikuwa inasajiliwa polisi, ina namba imegongwa kwenye chuma, ina kibati, inalipiwa kodi. Mwenyewe anaifuta kwa kitambaa kila Jumapili. Kitu cha namna hiyo utakiitaje alama ya umaskini? Ilikuwa ndiyo mali ya kwanza kubwa ya mtu maishani.

Kwa hiyo picha tunazozijua, mto wa watu juu ya baiskeli hauna mwanzo wala mwisho, ni za baadaye kuliko tunavyofikiri. Ni za baada ya mageuzi ya 1978, viwanda vilipofunguliwa breki, kuponi zikapoteza maana, na kila mtu mzima akaweza kuwa na yake. Uchunguzi wa usafiri wa Beijing wa 1986 ulikuta kwamba ukiwaondoa wanaotembea kwa miguu, asilimia 62.7 ya safari zote za mji zilikuwa za baiskeli. Huo ndio ufalme. Uliwaka labda miaka kumi na tano au ishirini, kizazi kimoja tu, na mimi niliukuta mwishoni mwake.

Nilichokikuta ni hiki. Asubuhi njia ya baiskeli ina sauti yake, si kelele, ni msukosuko wa minyororo na kengele. Hakuna anayekimbia. Ukikimbia unagonga watu, na ukienda polepole mno unagongwa, basi unakubali mwendo wa wote, kama kilomita kumi na mbili kwa saa. Marafiki wanakwenda sambamba wakizungumza. Mke kakaa keria kiubavu, jambo ambalo sheria ililikataza mjini, kwa hiyo akimwona polisi anashuka, anatembea hatua ishirini, anapanda tena. Mvua ikinyesha kila mtu anatoa koti la plastiki linalofunika mpaka usukani, na ghafla mto mweusi unakuwa wa bluu, wa njano na wa waridi. Mwezi wa kumi na moja kabichi za majira ya baridi zinarundikwa kwenye baiskeli za magurudumu matatu mpaka humwoni mwendeshaji. Nimeona friji kwenye keria. Nimeona godoro, na babu juu ya godoro.

Pembeni ya kila njia panda alikuwapo fundi. Beseni la maji, pampu, viraka, gundi na kigoda. Kuziba pancha ilikuwa dakika kumi na senti chache. Na mbele ya kila soko palikuwa na maegesho, na bibi mwenye kitambaa chekundu mkononi anakupa kibao chenye namba, kingine kama hicho anakitundika kwenye usukani wako. Usipolipa senti zake utasikia maneno mpaka mtaa wa pili. Mafundi hao na mabibi hao walikuwa maelfu na maelfu, na ni mabingwa wa uchumi ambao hakuna kitabu cha uchumi kinachowataja.

Hata wakubwa wa dunia waliingia katika mto ule. George Bush mkubwa alipokuwa mwakilishi wa Marekani Beijing, 1974 na 1975, yeye na mkewe walizunguka mji kwa baiskeli, na aliporudi akiwa Rais, Februari 1989, Waziri Mkuu Li Peng aliwazawadia Njiwa Arukaye mbili. Miezi minne baadaye picha zilizotoka Beijing zilikuwa za baiskeli zilizopondwapondwa barabarani, asubuhi ya tarehe 4 Juni. Siku hizo baiskeli ndizo zilizobeba wanafunzi, maji na vyakula, na majeruhi pia walibebwa kwa zile za magurudumu matatu.

Haya, nani aliubomoa? Mwaka 1994, nikiwa huko huko, serikali ilitoa sera ya viwanda vya magari iliyosema wazi kwamba watu binafsi wahimizwe kununua magari. Lengo lilikuwa viwanda na ajira, baiskeli haikuwa hata kwenye mjadala. Barabara ya Mzunguko wa Pili, iliyopita palipokuwa na kuta za kale za mji, ilikamilika 1992, ya Tatu 1994, ya Nne 2001, ya Tano 2003, ya Sita 2009. Na katikati ya hayo likatokea ambalo nadhani lilikuwa zito kuliko yote: mwaka 1998 Baraza la Serikali likasimamisha ugawaji wa nyumba kupitia danwei. Kuanzia hapo nyumba ni ya kununua sokoni. Penye nyumba nafuu ni mbali, nje ya Mzunguko wa Tano, na kazi imebaki kati ya mji. Kilomita tatu zikawa ishirini. Mtu hakuichoka baiskeli yake, alihamishwa kutoka mahali ambapo ilikuwa inamfaa. Vichochoro vya kale vikabomolewa, njia pana za baiskeli zikageuzwa maegesho ya magari au zikamegwa kuongezea njia ya magari. Shanghai ikatangaza mwisho wa 2003 kwamba baiskeli zipigwe marufuku katika barabara kubwa, kwa hoja kwamba zinasababisha foleni.

Tazama namba za Beijing: 1986 asilimia 62.7, mwaka 2000 asilimia 38.5, mwaka 2010 asilimia 16.4. Robo karne tu.

Na fikra nazo zikageuka. Mwaka 2001 Wang Xiaoshuai alitoa filamu yake kuhusu kijana wa shamba aliyeibiwa baiskeli Beijing, na baiskeli humo ni ya tarishi fukara na ya mtoto wa shule anayetaka kujionyesha. Kufikia 2010 binti mmoja kwenye kipindi cha televisheni cha kutafuta wachumba akasema ni bora alie ndani ya BMW, na nchi nzima ikabishana mwaka mzima juu ya neno lake. Aliyemwuliza alikuwa amemwalika wakaendeshe baiskeli. Mama yake binti huyo, nakisia, aliolewa kwa Phoenix.

Mtu ataniambia: bwana, wacha falsafa, watu walipata pesa, ndiyo hivyo. Pesa zimo, sikatai. Lakini kama pesa ndiyo sababu yote, nielezeni hili. Miaka ile ile Mchina alipokuwa anatajirika kuliko wakati wowote, alinunua chombo cha magurudumu mawili kwa wingi ambao dunia haijapata kuuona. Baiskeli ya umeme. Mwaka 1998 zilikuwa zinauzwa makumi ya maelfu kwa mwaka, na kufikia 2008 zilipita milioni 20 kwa mwaka. Leo zinahesabiwa zaidi ya milioni 350 nchini kote. Na hizi, tofauti na Njiwa, hakuna aliyezipanga. Miji mingi ilikuwa imezuia pikipiki za petroli. Karakana ndogo ndogo zikafunga betri na mota kwenye baiskeli. Kiwango cha taifa cha 1999 kilisema isizidi kilomita 20 kwa saa wala kilo 40 na iwe na pedeli, basi watengenezaji wakaweka pedeli. Pedeli ambazo hakuna aliyewahi kuzikanyaga! Zilikuwa hapo kama cheti cha ndoa ukutani. Ulipokuja ugonjwa wa SARS 2003 na watu wakaogopa mabasi, mauzo yakapaa, na sheria mpya ya usalama barabarani iliyoanza 2004 ikazitambua kuwa ni vyombo visivyo vya mota, yaani mahali pake ni njia ya baiskeli.

Wakuu wa miji wengi hawakuzipenda. Beijing ilizipiga marufuku 2002 ikasalimu amri 2006. Mwaka huo huo Guangzhou ikazizuia. Watu wakaendelea. Ile safari ya kilomita ishirini iliyomshinda Njiwa, betri ikaiweza. Sisemi kila kitu ni heri: kiwango cha 2018, kilichoanza kazi 2019, kiliongeza mwendo hadi kilomita 25 na uzito hadi kilo 55, lakini betri ziliendelea kuua. Februari 2024 moto ulioanzia penye baiskeli za umeme chini ya jengo la makazi huko Nanjing uliua watu 15. Na vijana wanaopeleka chakula majumbani kwa vyombo hivyo, mbio dhidi ya saa ya simu, ni kisa kingine kinachotaka makala yake.

Habari ya baiskeli za kukodi kwa simu wengi mnaijua, sitaikalia. Ofo ilianza na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Peking 2014, Mobike ikaingia Shanghai 2016, kampuni zikafika makumi, baiskeli mamilioni, kisha milima ya chuma kwenye viwanja vitupu, na mwisho wa 2018 watu milioni kumi na zaidi wakipanga foleni ya mtandaoni kudai amana yao ya yuan 99 au 199 kwa Ofo. Mobike ilinunuliwa na Meituan mwaka huo. Zilizobaki zinatumika sana hadi leo, kutoka stesheni ya treni hadi mlangoni, tena kimya kimya.

Ila Mei 2019 Beijing ilifanya jambo ambalo mwaka 2003 lingechekwa. Ilifungua barabara ya baiskeli tupu, kilomita 6.5, imeinuliwa juu ya magari, kutoka Huilongguan, mojawapo ya yale makazi ya mbali yaliyozaliwa na mabadiliko ya nyumba, hadi Shangdi kwenye ofisi za kompyuta. Wanaoipita si mafukara, ni wahandisi.

Na usiku wa tarehe 8 Novemba 2024 wanafunzi wa Zhengzhou, zaidi ya laki moja, walichukua baiskeli za kukodi wakaenda Kaifeng, kilomita hamsini, kula maandazi ya nyama yenye mchuzi ndani. Barabara ikajaa upana mzima, hakuna mwanzo wala mwisho. Siku chache nyuma serikali ilikuwa inawasifu kwa kuinua utalii, na siku iliyofuata ikafunga njia, kampuni zikaweka kufuli zinazojifunga ukivuka mpaka wa mji, na baadhi ya vyuo vikawafungia wanafunzi ndani.

Mwenye kumbukumbu za Phoenix za Bara, za Visiwani, za Lubumbashi au za Bujumbura, hasa zilifikaje na ziliuzwa kwa bei gani, naomba aziweke hapa. Nazikusanya.